Kuita Nakuru Kutoka Abu Hamour

Nilizima AC mwezi wa saba, saa za mchana, hapa Doha, na mwenzangu wa chumba akaruka kitandani kama aliyeng'atwa na siafu.

"Wewe, uko sawa kweli? Hii joto itatuua! Si umtumie tu mzee wako meseji kama watu wengine?"

Yeye ni muuguzi, ametoka zamu ya usiku, na alikuwa na kila haki ya kunifokea. Lakini AC yetu ilikuwa ikitia mvumo kwenye redio yangu ya mawasiliano, na katikati ya mvumo ule sauti hafifu kutoka Nakuru isingepenya. Nilimwambia avumilie saa moja tu kila Ijumaa, tukisharudi kanisani Mesaimeer. Alichukua mto wake akaenda kulala kwenye kochi la sebuleni, huku akiniombea kwa Mungu kwa sauti niliyokusudiwa kuisikia.

Meseji nilikuwa nimeshamtumia Baba, nyingi mno. Alijibu zote kwa neno moja: sawa. Tangu madaktari walipomtoa zoloto kooni kwa ajili ya uvimbe, hakuwa na sauti tena, na mtu aliyetumia maisha yake akizungumza na dunia nzima kwa redio kutoka chumba cha uani alikuwa amekifunga chumba kile kwa kufuli. Ndiye aliyenifundisha redio nikiwa mtoto, akanisukuma hadi nikapata leseni. Sasa alikuwa amemwandikia Mama kwamba mwezi ukiisha, redio yake anawapa wanafunzi wa chuo cha ufundi. Nilipopata habari hiyo nilikasirika hadi nikashindwa kula. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mimi nilijua njia ya kuzungumza redioni bila koo.

Njia yenyewe ni ya zamani. Unaandika kwenye kompyuta, programu inayakata maandishi yako vifurushi vidogo, inakibandika kila kifurushi jina la anayetuma na la anayepelekewa, kisha inavigeuza kuwa mlio wa kukwaruza unaorushwa na redio. Kompyuta ya upande wa pili inausikiliza mkwaruzo, inaugeuza tena kuwa maandishi, na kama kifurushi kimeharibika njiani, kinaombwa upya. Jina ninalosema hapa si la ubatizo. Ni jina la hewani, zile herufi na namba ambazo serikali humpa kila mwana redio, na hakuna watu wawili wenye jina moja duniani.

Kazini natengeneza kompyuta za watu ofisi nzima, kwa hiyo nilidhani hili lingekuwa jambo la jioni moja. Mganga hajigangi. Programu iligoma kuiona redio, ikaiona, ikagoma kurusha. Ilipoanza kurusha, hakuna aliyejibu. Sisi tuliokulia kwenye maikrofoni tuna imani moja ya kijinga: kama husikiki, ongeza sauti. Nikaongeza. Kumbe mkwaruzo ukizidi nguvu unachafuka, na kompyuta ya mwenzako haiambulii kitu. Nilipopunguza mpaka karibu na mwisho, mzee mmoja wa Ulaya nisiyemjua akanijibu palepale, akanitakia siku njema na kuniuliza kama Doha kuna joto. Nilikuwa nimeloa jasho hadi viatuni. Nikamwandikia kwamba lipo kidogo.

Basi upande wangu ulikuwa tayari. Nilinakili kila kitu kwenye flashi, programu na mipangilio yake yote kama ilivyokuwa kwangu, nikampa dada mmoja wa kwaya yetu aliyekuwa akienda likizo Nakuru. Nilimwandikia Baba: chomeka, fungua, kila kitu kimeshapangwa, wewe uandike tu. Ijumaa saa tisa nitakuita.

Akajibu: sawa.

Ijumaa ya kwanza niliita nikaambulia kimya. Ya pili vilevile. Nilipanda juu ya paa nikakagua waya wa antena, mpaka mlinzi wa jengo akaja kuniuliza kama natafuta kitu. Nilibadilisha nyaya. Nilifuta programu nikaiweka upya. Niliilaumu hali ya anga, nikamlaumu aliyeiandika programu, na mwisho nikamlaumu Baba kwa ukaidi wake. Lakini kuacha sikukubali. Mwezi ulikuwa unayoyoma.

Ijumaa ya tatu, Mama akapiga simu kabla sijaketi. Alikuwa ananong'ona.

"Usimwite leo. Unamuumiza."

"Namuumiza vipi, Mama? Si afungue tu hiyo programu?"

"Alifungua siku ileile flashi ilipofika. Akaona jina lako limekaa mahali pa jina lake. Akazima. Akaniandikia, sauti ilienda, na sasa hata jina mtoto amenipokonya, anataka niongee kama yeye."

Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa nimenakili mipangilio yangu yote bila kubadilisha kitu, na jina langu la hewani likiwemo. Kwa mtu mwingine hilo ni kosa la kusahau. Kwa mwana redio wa kizamani kama Baba, kurusha kwa jina la mwenzako ni sawa na kuiba, na yeye angekaa kimya hadi kiama kuliko kufanya hivyo. Wala hakudhani nimesahau. Alidhani nimeamua kwamba mtu asiye na sauti hana haja ya jina. Niliona aibu, na juu ya aibu nikaona hasira.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Alinikataza. Na mimi leo nimechoka kukatazwa."

Sikumwomba Baba msamaha kwa maneno mengi, maana angejibu sawa. Nilimwonyesha Mama kwa simu mahali pa kubonyeza, tukalifuta jina langu kwenye kompyuta yao, tukapaacha patupu. Nikamwambia: hapo asiandike mtu mwingine ila yeye. Kisha nikazima AC. Mwenzangu aliusoma uso wangu, akabeba mto wake mwenyewe bila kuniombea.

Saa tisa niliita. Niliita tena. Nilikuwa nafuta jasho machoni spika ilipokwaruza, na kwenye kioo likatokea jina lake, herufi zilezile nilizozijua kabla sijajua kusoma vitabu. Halafu maneno:

"Unanisikiaje?"

Ndilo swali ambalo kila mwana redio huuliza kwanza, na hakuwa amemuuliza mtu tangu atoke hospitali. Nikaandika:

"Nakusikia vizuri sana, Baba. Wanafunzi wanakuja lini kuchukua redio?"

Nikatuma. Kisha mkwaruzo mrefu, mrefu kuliko wa kwanza.

"Hewani hakuna baba. Niite kwa jina langu. Wanafunzi watafute redio yao."

Nililia kwa sauti, na huku nalia nikaliandika jina lake, herufi moja moja, nisije nikakosea.