Makalio ya Ng'ombe wa Verner

Verner Bruus hajawahi kumaliza kikombe cha kahawa akiwa amekaa. Mwalike kwako, kesho yake utaokota kikombe kimoja dirishani, kingine juu ya sanduku la barua, vyote nusu. Maisha yake yote aliendesha lori la maziwa, akizunguka mashamba ya Jutland wakati wenye mashamba bado wanakoroma. Mgongo ulipomkataa wakamstaafisha, akarudishwa kwa nyumba, kiti na mke. Nyumba akaipaka rangi upya. Kiti akakitengeneza, ingawa hakikuwa kibovu. Mkewe Alma akaona zamu yake inakaribia, akamshika mkono akamleta kwetu.

Kwetu ni chama cha watu wazima wanaocheza na matofali ya watoto. Cheka, ukimaliza tuendelee. Ni yale yale matofali ya plastiki ambayo ukiyakanyaga bila viatu unataja ukoo wako wote, ila sisi tunayafunga mota, gia na cheni mpaka yanafanya kazi. Kila mmoja hujenga mashine yake nyumbani. Mashine ipokee vimpira vidogo kutoka kwa jirani, ivipandishe, ivizungushe, ivirushe, ivifanye itakavyo, mradi mwisho imkabidhi jirani wa pili. Kila mwaka, baridi inapoanza kulegea, tunazipanga zote kwenye ukumbi wa michezo wa Holstebro, meza kwa meza, vimpira vinasafiri kutoka mwanzo hadi mwisho. Tunauita msafara. Mashine moja ikikwama, msafara wote umekwama, na watoto wa mkoa mzima wanakugeukia wewe.

Mwaka jana walimgeukia Verner. Alikuwa amepanga gia za kwenda mbio, kwa sababu huyu bwana hata jibini anaikata kama anafukuzwa. Mota ikalia, gurudumu likachomoka, vimpira vikamwagika sakafuni, na mzee mmoja mwenye heshima zake akateleza navyo hadi kwenye meza ya keki.

Mwenyekiti wetu, Dorrit, hakumgombeza. Dorrit alifundisha hesabu miaka mingi na anajua kwamba kelele ni za walioshindwa. Alikunja tu mikono akasema, "Verner, ukikwama tena mwakani, nakuhamishia meza ya kahawa."

Meza ya kahawa ndiko vinakokaa vitu visivyotembea: makanisa, minara, treni isiyo na reli. Watu wanaegesha vikombe juu ya mapaa ya makanisa. Kumpeleka Verner pale ni sawa na kumzika, tena kumzika akiwa anatikisa mguu.

Basi majira yote ya baridi alijenga. Nilipita kwao mara nyingi, kwa sababu Alma anapaka ini lililosagwa kwenye mkate mweusi kwa mkono usio mchoyo, na kwa sababu mashine yangu ilikuwa ipangwe baada ya ile ya Verner. Akikwama yeye, nakauka mimi. Alijengea juu ya meza ya jikoni, amesimama, na ng'ambo ya meza, kwenye benchi la dirishani, Alma alikaa na ndoano yake ya kufumia.

"Simama basi," Alma alimwambia.

"Si nimesimama?"

"Simama bila kwenda."

Safari hii alipunguza mwendo. Gurudumu kubwa lenye vijiko lilichota vimpira taratibu, likavimwaga kwenye mfereji, vikateremka. Na kwa kuwa mtu hasahau kazi yake, akajenga zizi zima: ukuta mweupe, paa jekundu, na ng'ombe waliopangwa mstari, weupe kwa weusi. Kila kijiko kilipopita, ng'ombe mmoja aliinamisha kichwa kama anayekubali hoja. Nyuso za ng'ombe alizielekeza kwa Alma, ili afume huku anasalimiwa. Alma akawapa majina. Mmoja alimwita Dorrit, lakini hilo halikutoka nje ya jikoni mpaka leo.

Verner aliijaribu mashine kila siku. Vimpira viliingia kushoto, vikatokea kulia, kama kanuni inavyotaka. Kila wakati alisimama pale pale pake, kisha akazunguka meza, akarudi, akagusa gia ambayo haikuwa na shida, akazunguka tena. Kule ndani kwao zulia limechakaa kuizunguka meza kama njia ya punda.

Jumamosi ya maonyesho ikafika. Dorrit alipanga mashine yake, Verner akaweka ya kwake kulia kwa Dorrit, mimi kulia kwa Verner, kwa macho ya mtazamaji. Ng'ombe wakatazama kamba, upande wa watazamaji, wazuri kama siku ya harusi. Tukawasha kujaribu. Mashine ya Dorrit ikatema kimpira, kikagonga ukuta wa zizi, kikaanguka chini. Kingine. Kingine.

Dorrit akainama akatazama. "Verner. Kikapu chako cha kupokelea kiko wapi?"

Verner akaonyesha kwa kidole. Kilikuwa upande wangu. Na mfereji wake wa kutolea ulikuwa umemwelekea Dorrit, tayari kumrudishia mali yake.

Alikuwa ameipima kwa kushoto kwake yeye. Lakini sura aliivalisha upande wa Alma, na kushoto kwa aliye mbele yako ni kulia kwako. Mimi mwenyewe nilikula mkate mweusi mbele ya mashine ile majira mazima nisione kitu, na nimesomea ufundi mitambo. Nusu, lakini nimesoma.

"Geuza mota," nikasema. "Iende kinyume."

"Vijiko vimeinama upande mmoja, we! Ikienda kinyume itachota hewa."

"Mfereji je?"

"Mfereji nao ni mteremko. Unataka vimpira vipande mlima kwa maombi?" Alikuwa ameshazunguka meza mara mbili, mifuko inalia gia na vipini. "Naibomoa. Nikingeni watu wasione, niibomoe, nageuza kila kitu..."

"Milango inafunguliwa sasa hivi," Dorrit alisema.

"Basi nageuza ng'ombe peke yao!"

"Ng'ombe wamefungwa kwenye gia zako. Ukigusa ng'ombe umegusa gurudumu." Dorrit akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Iko njia moja. Igeuze yote. Mgongo kwa watu."

Verner akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisimama bila kwenda. "Mgongo una gia wazi, Dorrit. Nyaya. Betri imefungwa kwa mpira wa nywele wa Alma."

"Nimeona. Na zikiwa wazi upande wa watoto, chochote kinaweza kuingia. Chagua mwenyewe, msafara au kahawa."

Akatazama meza ya kahawa. Mtu alikuwa ameshaegesha kikombe juu ya mnara wa taa.

"Geuza," akasema.

Tukageuza. Watu wakaingia, na walichokiona cha Verner ni hiki: gia zinazozunguka, cheni, mpira wa nywele wa rangi ya waridi, na juu yake safu ya makalio ya ng'ombe. Kila kijiko kilipopita, ng'ombe aliinamisha kichwa upande wa pili, na upande huu tako likainuka.

Mtoto wa kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Akamwita ndugu yake. Ndugu akaita shule. Nusu saa haikupita, mashine ya Dorrit, yenye ngazi ambazo zingemtoa machozi mhandisi, ilikuwa haina mtu, na mbele ya Verner watoto wamejaa hadi kwenye kamba wakishangilia kila tako.

Ungedhani angefurahi. Thubutu! Yeye alikuwa nyuma, kwenye nyuso za ng'ombe, haoni gia zake. Akawa anachungulia juu ya paa, anachungulia pembeni, anaweka sikio, anapiga meza kwa vidole.

"Inalia?"

"Inazunguka, mzee. Tulia," nikamjibu.

"Siulizi inazunguka. Nauliza inalia?"

"Verner, ukiendelea kuitikisa meza, wewe ndiye utakayetukwamisha."

Akaondoa vidole mezani akaanza kutikisa goti.

Alma alikuja mchana, na mfuko wake wa kufuma. Akapenya kati ya watoto mpaka kwenye kamba, akatafuta nyuso alizozizoea, akakuta alichokikuta. Kisha akainua macho kwa mumewe, juu ya paa jekundu.

"Kwa hiyo baridi yote hii," akasema, "mimi nasalimiwa na ng'ombe, wewe unatazama matako yao."

"Nilikosea upande."

"Naona. Huku ndiko kwenye raha."

Verner hakucheka. "Inaliaje huko?"

"Vizuri." Akainamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza chungu jikoni. Na hapo hapo uso wake ukabadilika. "Hapana. Haiko sawa."

Mimi sikusikia tofauti. Dorrit hakusikia. Ila Alma aliishi na mlio ule baridi nzima, kuanzia uji wa asubuhi hadi taa kuzimwa. Nikachungulia pembeni nikaona: pipi nyeusi, zile za chumvi ambazo watoto wa huku wanazaliwa nazo mdomoni, imedondoka kutoka kwa mmoja wa wachekaji na kunasa kati ya gia kubwa na cheni. Bado inazunguka, lakini inatafunwa, inanata, cheni inajivuta. Ng'ombe wa mwisho alikwama katikati ya salamu. Kikapu cha kupokelea kikaanza kujaa. Upande wangu vimpira vikakonda: kimoja, kisha hakuna, kisha kimoja.

Verner aliona kikapu kinajaa. Ili afike mbele ilibidi azunguke msafara mzima. Akaanza kukimbia, mgongo wake ule, gia zinamdondoka mifukoni.

Alma hakungoja. Akatoa ndoano ya kufumia, akavuka kamba kwa mkono, akaichomeka kati ya cheni na gia.

"Hakuna mtazamaji kugusa!" Dorrit akapaza sauti. Kwetu hiyo ndiyo amri ya kwanza. Hata mabinti zake wanaitii.

"Mimi si mtazamaji," Alma akajibu bila kugeuka. "Mimi nimeishi na hiki kitu."

Akazungusha ndoano mara moja, kama anayeokota kitanzi kilichoponyoka kwenye sweta, pipi ikatoka. Cheni ikakaza. Ng'ombe aliyekwama akamaliza salamu yake, tako likainuka, watoto wakapiga kelele, na kimpira kikanijia. Kisha kingine.

Verner akatokea mbele, anahema, mkono kiunoni. "Imesimama?"

"Haikusimama," Alma akasema, akimwonyesha ile pipi kwenye ncha ya ndoano. "Imesitasita tu. Kama mtu ninayemjua, akiambiwa akae."

Dorrit akafika, akatazama pipi, akatazama ndoano, akatazama kikapu kinachopungua. Sote tulingoja. Akamletea Alma kiti kutoka ukutani, akakiweka ndani ya kamba.

"Kaa hapa," akamwambia. "Na hiyo ndoano usiirudishe mfukoni."

Mpaka ukumbi unafungwa msafara haukukwama tena, na jina la Verner liko kwenye msafara wa mwakani. Dorrit alilitaja mwenyewe mbele ya wote, akaongeza kwamba ng'ombe wabaki walivyo. Verner aliitikia akiwa amesimama, mguu unatikisika.

Niliwasaidia kubeba. Huko nje upepo wa magharibi unakata masikio, na Alma alikuwa ameshaingia garini, zizi mapajani mwake, nyuso za ng'ombe zimemtazama. Verner akafungua mlango wa dereva, hakuingia. Akainama mlangoni.

"Nikiweka kifuniko cha kioo upande wa gia," akasema, "pipi haiingii. Lakini uzito utaongezeka, itabidi gurudumu..."

"Ingia, Verner."

"...itabidi gurudumu nilifumue lote."

"Lifumue. Ila safari hii nakaa upande wako wa meza."

Akafikiri. Akazunguka gari mara moja, ndipo akaingia.