Skrini Aliyoizima Raimo

Raimo Kettunen ndiye mtunza kompyuta wa idara yetu ya chuo kikuu hapa Oulu, na kila mwanafunzi mpya humkalisha chini kwa somo lile lile. Zamani, husema, kila mtu alikuwa na mtambo wake wa skrini na kibodi, waya ukienda kwenye kompyuta moja kubwa. Mitambo ile imekufa. Iliyobaki ni programu inayojifanya mtambo. Ndiyo maana kompyuta moja ina skrini kadhaa ndani yake, unahama moja hadi nyingine kwa kubonyeza vitufe vya Alt na F1, au F2, na kuendelea.

"Moja ikigoma, hamia nyingine uchungulie," huwaambia. "Skrini ni dirisha tu, bwana. Dirisha likiingia ukungu, hubomoi nyumba."

Sasa msikie mwalimu mwenyewe. Ijumaa moja ya Novemba alikuwa akiwahi zamu yake ya sauna, kile chumba cha kujifukizia cha jengo analoishi, na kwetu anayekosa zamu husubiri wiki nyingine. Akapitia chumba cha mashine, koti mwilini, akakuta skrini ya Tuulikki imeganda. Tuulikki Heiskanen anaandika tasnifu juu ya barafu ya baharini, na hesabu zake zilikuwa zikiendelea pale siku nyingi. Raimo akabonyeza vitufe viwili vitatu, skrini isibadilike. Hakuhamia skrini ya pili. Akazima umeme, akawasha upya, akaenda zake kujifukiza.

Jumatatu akamwambia, "Mashine yako ilianguka yenyewe."

"Ajabu," akasema Tuulikki. "Maandishi yalikuwa yanakimbia, nikayasimamisha kwa vitufe vya Kontroli na S ili ninakili namba, mara nikaitwa kikaoni. Kontroli na Q tu ingeyaachia. Basi programu yangu ndiyo mbovu, imeangusha mashine."

Raimo akaelewa papo hapo. Hesabu zilikuwa hai nyuma ya ile skrini, zinangoja kitufe, na yeye ndiye aliyeziua. Akaenda kumletea kahawa.

Majira yote ya baridi Tuulikki alitafuta kosa ambalo halikuwepo, akiogopa kuiwasha tena programu kabla hajalipata. Raimo akawa anampelekea kahawa na mikate ya iliki.

"Mbona unanidekeza hivi?" Tuulikki akamuuliza. "Una mgonjwa unamwombea?"

Raimo akacheka kicheko kikavu. Hatia ilikuwa ikimla, na mimi nasema ilistahili kumla.

Mwezi Machi, tukiwa kwenye kahawa, Tuulikki akasema, "Nimeshindwa. Kosa silioni. Leo namwambia profesa naacha tasnifu."

"Kosa halipo," Raimo akasema, macho kikombeni. "Niliizima mimi. Sikuchungulia skrini ya pili. Nilikuwa nawahi sauna."

Tuulikki akaweka kikombe chini.

"Sauna ilikuwa ya moto?" akauliza.

"Ya moto."

"Vizuri. Angalau mmoja wetu alitoka jasho kwa faida."

Alirudi akaiwasha programu yake ya Novemba, bila kubadilisha hata herufi, nayo ikafika mwisho salama. Raimo akaja kumpongeza, mkate wa iliki mkononi. Tuulikki akaupokea, akaula wote taratibu.

"Asante," akasema. "Sasa nirudishie majira yangu ya baridi."