Pombe ya Mukantwari

Kahambu alikuwa akiyapenda Majilio, zile wiki nne za kungoja Noeli, kuliko Noeli yenyewe. Noeli ni kelele, watoto wanalilia nguo mpya, na mwaka ule wa sabini na nne serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba ni siku ya kazi kama nyingine. Majilio hakuna aliyefikiria kuyapiga marufuku. Kila Jumapili alasiri shirika lao la Mapendo, yaani zile familia jirani zinazosali pamoja, lilikutana nyumba hii leo, nyumba ile wiki ijayo. Mzee Rémy, kiongozi wao, alisoma Injili, kisha akasema, "Sasa tunyamaze, tungoje Bwana." Na watu walinyamaza kweli. Wachuuzi waliopigizana kelele soko la Birere mjini Goma wiki nzima, akina mama waliochoshwa na kazi za lazima za Salongo na nyimbo za chama tawala, wote walitulia hadi ukasikia maji yakichemka jikoni.

Mwaka ule ukimya huo ulimtafuna. Alikaa ndani yake kama mtu aliyekalia kaa la moto mbele ya wageni.

Mume wake, Evariste, alikuwa dereva wa lori la kwenda Butembo. (Sheria ilikuwa imefuta majina ya Kikristo ya namna hiyo, lakini sheria haikulala nyumbani kwao.) Alikuwa pia mtu wa pombe. Siyo pombe ya kuchangamka. Pombe ya kusahau lori njiani na kurudi na kiatu kimoja. Kahambu alisali, akalia, akaita wajomba wote wa pande mbili, mwisho, miezi kadhaa kabla ya Majilio, akaenda Birere kwa mwanamke anayeuza mizizi, akapewa unga wa kumfanya mlevi achukie pombe. Akautia kwenye uji wa mumewe asubuhi. Alitia mara mbili ya alivyoambiwa, kwa kuwa alimwona mumewe ni mlevi mara mbili ya walevi wengine.

Jioni ile Evariste alipita kwa Mukantwari, mjane wa kutoka Masisi aliyepika pombe ya mtama hapo hapo mtaani, na akarudi akitapika damu. Goma ina neno lake kwa mambo hayo: karuho, sumu ambayo mtu hukutilia kwenye kinywaji. Ndiyo maana huko mwenye nyumba huonja mbele yako kabla ya kukupa kikombe. Majirani walijaa chumbani, wakauliza mgonjwa alikuwa amekunywa wapi. Evariste akataja. Wakatazamana. Kahambu alikuwa ameshika beseni, mdomo wazi, na neno halikutoka.

Hakumsingizia mtu. Hilo alijiambia kila siku, na kila siku lilimtosha kidogo kuliko jana. Evariste alipona, na kwa kuogopa karuho hakugusa pombe tena. Akaanza kurudi mapema, na vitunguu vya Lubero mkononi, akawasimulia Paul na wadogo zake habari za barabara hadi wakalala wakicheka. Kahambu alikuwa amepewa mume aliyemwomba kwa Mungu miaka yote, na aibu yake ilikuwa kwamba alimfurahia.

Mukantwari, naye, hakuuza tena hata kibuyu kimoja. Kanisani benchi alilokaa lilibaki lake peke yake. Na shirika, katika kuzunguka kwake, liliiruka nyumba yake. Mzee Rémy alisema ni ndogo mno. Waumini walikuwa wamekwisha kujibana kwenye nyumba ndogo kuliko ile, ila hakuna aliyemkumbusha.

Jumapili ya tatu ya Majilio, baada ya sala, mzee Rémy alitangaza kwamba Mukantwari anarudi Masisi kwa kaka yake kabla ya Noeli. "Pengine ni vizuri," alisema mtu mmoja, na wengine wakaitikia kwa vichwa.

Kesho yake Kahambu alikwenda kwa mjane. Alimkuta anafunga mikeka. Mukantwari hakumuuliza kilichomleta. Alichota pombe kidogo kutoka mtungi uliokosa wanunuzi, akainua kibuyu aonje kwanza kama ilivyo desturi. Kahambu akakiwahi, akakitwaa, akanywa chote. Alijiona shujaa. Machozi yalimlenga kwa wema wake mwenyewe.

Mukantwari alimtazama bila haraka.

"Mama Paul, weye unakunywa bila kuogopa juu unajua hamuna kitu ndani. Ulijua tangu ile siku, sivyo? Wale wengine njo hawajue."

Kahambu aliketi chini kwenye mikeka iliyofungwa, akamweleza habari ya uji na unga. Kisha akasema lililomfunga ulimi miezi yote: "Nikisema, bwana yangu atarudia pombe, mama. Pengine atanifukuza."

"Miye mtaa muzima ulinifukuza," alisema Mukantwari. "Ukitaka kunisaidia, enda useme kwa batu wako."

Jumapili ya mwisho ilikuwa zamu ya nyumba ya Kahambu. Chai ilimiminwa, yeye mwenyewe akaonja, watu wakapokea vikombe. Mzee Rémy akasoma, akafunga kitabu, akasema wanyamaze. Ukimya ukaja. Evariste alikuwa karibu na mlango, macho amefumba, uso umetulia kama wa mtoto aliyeshiba. Kahambu alimtazama kwa muda, kwa maana alijua hatauona tena uso ule.

"Papa Paul hakukunywa karuho," alisema. "Ni miye nilimutilia dawa mu uji, ya kumuachisha pombe. Nilizidisha. Mama Mukantwari hakufanya kitu. Nilijua, na nikanyamaza."

Vikombe viliwekwa chini, kimoja baada ya kingine.

"Mu uji?" aliuliza Evariste.

"Ndiyo."

"Na ukaacha nimukimbie ule mama miezi yote hii."

Alisimama, akavaa kofia. "Muzee Rémy, sala haiyaisha. Twende tuimalizie kwa mama Mukantwari." Wakatoka nyuma yake, wazee kwa akina mama, na hakuna aliyemwambia Kahambu njoo wala baki.

Akawafuata kwa mbali, akasimama nje kwenye mawe ya volkano, mahali ambapo mlango wazi ulimwonyesha ndani. Waliimba. Mukantwari alikuwa analia na kuchota pombe, kuchota na kulia. Kibuyu kilimfikia Evariste. Hakungoja mwenye nyumba aonje. Alikiinua mbele ya shirika zima ili kila mtu aone, akanywa mpaka mwisho, akapangusa mdomo, akaomba kingine. Watu wakampigia makofi.

Nje, kwenye mawe, Kahambu naye akapiga.