Filta ya Mama Neema iko kwenye kamba tena

Jamani, wivu utaniua hapa Tukuyu!

Jirani yangu Mama Neema ana AC ya dirishani. Hapahapa, kwenye baridi ya kulalia mablanketi mawili!

Kila Jumamosi anaosha filta yake kwa sabuni, halafu anaianika kwenye kamba ya mbele, barabarani kabisa.

Niambieni, ningevumilia vipi?

Leo nimemfuata. "Mama Neema, mbona kila wiki unaosha filta isiyo na hata vumbi? Hebu washa AC tuone."

Akairudisha, akawasha.

Tukakaa pale meno yanagongana, na hakuna aliyekubali kusema anasikia baridi.

Nimerudi nyumbani, nimemkuta mume wangu anaota moto. Nikamwambia nami nataka AC.

"Kwa baridi hii?"

"Basi ninunulie filta tu, niwe naanika."