Komeo la Mlango wa Bafu

Mama aling'oa komeo la mlango wa bafu kwa bisibisi, siku mbili baada ya mimi kuanguka humo ndani na kupasua kidevu kwenye ukingo wa beseni. Komeo akalitia kwenye droo ya vijiko. Tangu siku ile, nikioga, yeye hukaa nje juu ya mbuzi ya kukunia nazi, maana ndicho kigoda pekee tulichonacho, na sheria ni moja: nisinyamaze.

Kuimba bafuni hataki. Kusoma sura za msahafu humo haifai. Kilichobaki ni vichekesho.

"Mwalimu wetu wa kemia ana masikio," nasema, sabuni inanichoma macho, "siku ya upepo lazima ashikwe na watu wawili."

"Ehe."

"Juzi kapita kituoni, treni ikasimama. Dereva kadhani ni bendera."

"Endelea."

Hacheki. Anakuna nazi tu, krr, krr. Sijawahi kupata hadhira ngumu kama ile: haicheki hata kidogo, lakini ukikaa kimya inaingia na taulo. Nina miaka kumi na sita. Nilimwuliza mama lini nitaoga kama binadamu wengine, akafikiri, akasema: miezi mitatu bila kuanguka wala kupotea, komeo linarudi mahali pake.

Kuanguka kila mtu anakujua. Unaanguka, unatetemeka, unaamka umezungukwa na viatu vya watu. Kupotea ni kitu kingine. Nakaa wima, macho wazi, nachezea kifungo cha shati, na mimi mwenyewe sipo. Nikirudi, chai iliyokuwa ya moto imepoa, na mwalimu aliyekuwa ubaoni amenisimamia kichwani akiuliza kama nimemaliza kumdharau. "Samahani, nilikuwa namwota mke wako," nikajibu siku moja, nikapelekwa kwa mkuu wa shule. Bora hivyo. Mtu akishajulikana kuwa ni mtundu, hakuna anayemdhania kuwa ni mgonjwa.

Na mama hajamwambia mtu. Jumamosi watu wa kwetu tulio huku ughaibuni hukutana mtaa wa Newtown, kwenye ukumbi wa chini wa ghorofa moja, pilau na makelele. Sisi tuliacha kwenda tangu nianze kuanguka. Wakipiga simu, mama huwaambia nasoma. Miaka mitatu sasa, kila Jumamosi nasoma. Huko wanaamini nitakuwa profesa, na mimi huku nyumbani, mtaa wa Acocks Green, natupa soksi kwenye kikapu na kujitangazia mpira peke yangu, pamoja na sauti za mashabiki.

Ndipo hospitali ikatuomba tuingie kwenye utafiti. Kuna dawa mpya ya kifafa, wanataka kujua kama inasaidia ikiongezwa juu ya zile za zamani. Wengine wanapewa dawa yenyewe, wengine kidonge kinachofanana nayo ambacho ndani hakina kitu. Nani kapewa nini, mimi sijui, na daktari naye hajui. Nilipenda sana hapo. Daktari asiyejua kitu, na amekubali kwa maandishi! Wakanipa daftari la kuandika kila nikianguka na kila nikipotea: siku, saa, muda gani. Nesi wa utafiti, mama mmoja Mkenya, angepiga simu nyumbani kila Alhamisi.

Wiki nane sikuanguka. Mama akaanza kulitazama lile komeo kila akifungua droo. Nami daftarini sikuandika kitu: kupotea nilikuwa napotea vilevile, lakini nikikuandika komeo halirudi, na kupotea ni mimi tu ninayekujua. Siku moja nilipotea ndani ya basi namba kumi na moja, lile linalouzunguka mji mzima. Nilirudi akilini kituo changu kimeshapita na sijui niko wapi. Nikaona aibu kumwuliza mtu. Nikabaki nimekaa mpaka basi limalize duara lake linirudishe nyumbani. Zaidi ya saa mbili. Watu walipanda na kushuka, na kiti cha pembeni yangu hakikukaliwa. Nilijitungia kichekesho kuhusu jambo hilo, tena kizuri, lakini sikuwa na wa kumwambia bila kumwambia na mengine.

Alhamisi nesi akipiga, mama hujibu yeye. "Mzima, mwanangu ni mzima kabisa, alhamdulillah." Kwetu ndivyo. Ukiulizwa hali unasema njema, hata paa likiwa linaungua. Yaliyokusibu utayataja baadaye, mkishaulizana watoto na majirani. Nesi ana simu nyingine za kupiga, hafiki huko.

Siku ya kliniki mama alikwenda kutafuta pahala pa kusali, tukabaki mimi na nesi. Akafungua daftari langu, ukurasa mweupe, ukurasa mweupe.

"Kijana, hii daftari yako ni safi kushinda sakafu ya hospitali."

"Labda mimi ndiye nimepewa ya kweli."

"Labda. Na labda unameza chokaa. Mimi sijui, daktari hajui. Hii daftari ndiyo ingetuambia, na wewe umeiziba mdomo." Akalifunga polepole. "Tukiamini hizi karatasi, tutasema dawa ni nzuri, tutampatia mtoto mwingine. Huyo naye apotee akivuka barabara. Wacha mchezo kwa hii moja tu. Zingine zote cheza."

Nami nikauliza swali. "Tuko wangapi?"

"Wengi. Wewe ni namba kumi na saba."

"Na kumi na nane?"

"Siwezi kukuambia."

"Mvulana au msichana?"

"Wee!"

"Anaruhusiwa kufunga mlango wa bafu?"

Nesi alipekua fomu zake. "Sijui," akasema. "Hiyo hatuna kwa fomu."

Njiani mama alizungumza habari za bei ya samaki. Mimi nilimfikiria kumi na nane. Miaka yote nilidhani niko peke yangu mjini hapa. Kumbe yuko mwingine, amepewa namba inayofuata yangu, anameza kidonge kilekile au cha uongo, na hatutaonana hata siku moja. Labda naye anatupa soksi.

Jioni ile nilioga. Krr, krr, nje ya mlango.

"Mbona kimya?"

"Mama, nina kimoja, lakini si cha kuchekesha."

"Ehe."

"Nimekuwa nikipotea. Sikuandika."

Nazi ikanyamaza. Niliona kivuli chake chini ya mlango, hakikusogea. Maji yalinimwagikia kichwani, nami nikasimama kama mjinga nikingoja taulo iingie.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Tisa."

"Kumi."

"Tisa, mama. Nimezihesabu."

"Kumi. Juzi mezani ulishika kijiko ukakitazama. Nimekuita mara tatu." Akavuta pumzi. "Nami nikanyamaza. Nilitaka hilo komeo lirudi, mwanangu. Nimechoka kukaa juu ya mbuzi."

Tulihesabu upya, yeye nje mimi ndani. La basi lilimliza. Nilimwambia hata kile kichekesho nilichojitungia, akacheka huku analia, cheko lake la kwanza tangu tuanze mambo ya mlangoni, na sikulifurahia. Kisha nikavaa, nikaandika zote kumi, nywele zinadondosha maji juu ya karatasi.

Alhamisi simu ikalia. Mama akapokea. Nesi lazima aliuliza hali, kama kawaida, kwa sababu mama alifungua mdomo nikaliona lile "mzima" limekaa tayari kwenye ulimi. Akalimeza.

"Si mzima," akasema.

Mama akavaa miwani, akalivuta daftari karibu, akaanza kusoma siku na saa, moja baada ya nyingine, kidole kikifuata mstari. Mimi nilisimama kando ya droo ya vijiko. Alipofika ya kumi, ile ya kijiko, alisita, akainua macho kuangalia kama nipo.

Nikampungia mkono.