Bendera ya Nane

Mtu hamgombezi mkwewe. Nililelewa hivyo, na malezi yangu hayajawahi kunitesa kama siku ile.

Kiwanda changu cha mikate si kikubwa: chumba cha kukandia, matanuri, kaunta mbele, na kachumba ka kompyuta nyuma. Kompyuta iliyokuwa ikiziamrisha mashine ilikata roho, nasi jioni ile tulitakiwa kupeleka mikate ya hospitali. Tulishawahi kuchelewa. Bwana stoo wao aliniambia waziwazi kwamba tukirudia, tenda inakwenda kwa mwingine. Bila tenda ile mimi nafunga.

Binti yangu akamleta mumewe, fundi wa kompyuta, mpole mpaka anakera. Akiniamkia huangalia viatu vyangu. Alifunga kompyuta mpya, kisha akamweleza mkewe ili mimi nisikie. Kila ujumbe unaokwenda kwenye mashine una kichwa, na kichwani mna alama nane ndogo wanazoziita bendera, kila moja ama imepanda ama imeshuka. Kitabu cha mashine kinaeleza saba. Ya nane hakiitaji kabisa, na walioiunda mashine walishafunga duka zamani. Lakini kompyuta ya zamani ilikuwa ikiipandisha mara kwa mara, kwa hiyo lazima ina kazi. Yeye alidhani ni ya dharura. Mwokaji wetu alisema ni pambo tu. Nikamwambia binti yangu amwambie mumewe aamue upesi, jua halimngoji mtu.

Basi akajifungia kule nyuma kujaribu. Chombo cha kukandia kilikuwa kinazungusha unga na maji, kinangoja hamira tu. Akatuma amri ya kumwaga hamira, bendera ya nane imepanda, akasubiri jibu. Kimya. Mashine zetu hujibu kila amri, kwa hiyo akaona hii imekataliwa. Na kwa kuwa ni mtu makini, hakuridhika. Akatuma tena. Na tena. Asubuhi nzima.

Mwokaji, aliyekuwa nje akishusha magunia, ndiye aliyenifuata kaunta.

"Mama, donge linatoka lenyewe."

Lo! Lilikuwa limefura, limevuka ukingo wa chombo, linateremka sakafuni bila haraka yoyote. Pipa la hamira tupu. Kumbe maana ya bendera ya nane ni hii: fanya, usijibu. Mashine ilimtii kila mara, ikanyamaza kama ilivyoagizwa.

Nilitaka kumrarua. Mdomo ukafunguka, adabu ikaufunga, machozi yakanitoka. Mwokaji akakata pande la lile dude, akalikanda na unga mpya. Akasema hamira haijapotea, yote imo humu humu. Tukakata, tukakanda, tukaoka. Mkwe naye akavua saa, akazama hadi viwikoni.

Gari la hospitali likaondoka limejaa, bwana stoo karidhika. Hapo ndipo hasira yangu ilipopata nafasi.

"Mwambie mumeo," nilimwambia binti yangu, naye mumewe kasimama katikati yetu, mweupe kwa unga, "akiagiza kitu asijibiwe, anyanyuke akaangalie."

Binti yangu akajitupa juu ya gunia. "Mama, mwambie mwenyewe. Mimi nampelekea maneno yako tangu tuoane."

Nikamgeukia mkwe wangu. Miaka yote ile sikuwahi kumtazama usoni. Maskini, hata kope zilijaa unga. Nikamwambia akanawe, aje ale.