Mama Pacha na Mafuta ya Bunduki

Mama Pacha alikuwa mtunza silaha wa kituo cha askari wa wanyamapori, na kwa miaka kumi na mitatu hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti ndani ya ghala lake. Ghala lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo la nondo, meza ndefu iliyojaa madoa, na rafu ya mbao iliyobeba bunduki ishirini na nne, zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Kila moja ilikuwa na namba, lakini yeye alizijua kwa tabia. Ya tisa ilikuwa na kifyatuo kizito. Ya kumi na nne ilipenda kuvuta kushoto. Ya ishirini kitako chake kilitafunwa na fisi siku askari mmoja alipoiegemeza kwenye mti akaenda kujisaidia. Binti zake wawili, wale pacha waliompa jina, walikuwa wameshaolewa, kila mmoja na kwake. Nyumbani alibaki na mumewe, fundi cherehani, mtu wa maneno machache na vicheko vingi.

Mwaka huo mafuta ya bunduki yaliyokuwa yakiletwa kutoka makao makuu yalikatika ghafla, na mvua nazo zilikuwa zimepamba moto. Mama Pacha hakutaka kutu imwingilie ghalani. Akaenda kwa fundi wa magari wa kituo, akaomba kopo la grisi, akazipaka bunduki zote ndani na nje. Mvua ikanyesha mpaka ikachoka, na halikuonekana hata doa moja la kutu. Akajipongeza kimoyomoyo. Kiangazi kikaingia, vumbi likaanza kutimka barabarani hadi magari yakawa yanawasha taa mchana, naye akaendelea na grisi ile ile. Kitu kilichomfaa jana hakuona sababu ya kukibadilisha leo.

Kisa kikatokea Jumanne asubuhi. Nyati dume aliingia kwenye shamba karibu na kisima cha shule, na askari wawili wakatumwa kumfukuza. Mmoja wao alikuwa kijana mrefu ambaye wenzake walimwita Twiga. Alipofika alipiga risasi moja hewani, kama walivyofundishwa, ili mnyama ashtuke aondoke. Nyati alishtuka kweli, ila badala ya kuondoka akageuka. Twiga akavuta komeo, kile chuma kinachotoa ganda la risasi na kusukuma risasi nyingine ndani. Komeo likafika katikati likaganda. Mbele haliendi, nyuma halirudi.

Twiga hakungoja kuulizwa. Mguu niponye! Alivuka senyenge, akapanda juu ya kibanda cha pampu, na suruali yake ikabaki ikining'inia kwenye miiba ya waya. Bahati nzuri bunduki ya mwenzake ilikuwa ya akiba, imetoka kwenye sanduku siku ile ile, vumbi bado halijaifikia. Ikalia mara mbili hewani, na nyati akaona mambo yamezidi, akatokomea porini.

Jioni kituo kizima kilikuwa hoi kwa kicheko. Kila aliyesimulia alitia chumvi yake, hadi kibanda cha pampu kikawa ghorofa. Twiga mwenyewe alicheka kuliko wote. Mama Pacha peke yake ndiye hakucheka. Alichukua ile bunduki, akaifungua juu ya meza, akachomoa komeo. Ndani alikuta tope. Grisi ilikuwa imekamata vumbi la wiki nyingi, ikaligandisha na kulifanya kitu kizito cheusi chenye mchanga unaokwaruza kidoleni. Akafungua ya pili, ya tatu, ya kumi. Zote hivyo hivyo.

Alikaa kwenye kigoda akaiangalia mikono yake. Kisha akanawa, akavaa viatu vizuri, akaenda ofisini kwa Mkuu wa kituo.

Mkuu alikuwa anaandika ripoti. "Nawaambia makao makuu silaha zimezeeka," alisema bila kuinua kichwa. "Zimechakaa, zibadilishwe."

"Mkuu, usiandike hivyo. Silaha hazina tatizo."

"Tatizo ni nini basi?"

"Mimi. Nilizipaka grisi wakati wa mvua, kiangazi kikaja sikuibadilisha. Grisi imekula vumbi. Kijana yule angekufa, kosa lingekuwa langu."

Mkuu aliweka kalamu chini. Alimtazama kama mtu aliyekuwa amejiandaa kumgombeza mtu mwingine kabisa. "Sasa Mama Pacha, unataka nifanyeje?"

"Nipe wiki tatu nikuletee mafuta yanayofaa. Siyo ya kubahatisha. Yanayofaa."

"Na hizo wiki tatu vijana watembee na nini?"

"Nitazisafisha zote leo na kesho. Nitazipaka mafuta mepesi, na kila asubuhi nitazifuta upya mwenyewe."

Mafuta mepesi aliyokuwa nayo akilini yalikuwa ya mumewe. Fundi cherehani aliposikia alitoa chupa mbili kutoka chini ya meza yake ya kukatia nguo, akampa mkewe, lakini hakuziachia mara moja.

"Unaweka kiasi gani?" aliuliza.

"Si mpaka zilowe?"

Mumewe akaangua kicheko. "Mama Pacha, ningefanya hivyo kwenye cherehani, wateja wangu wote wangevaa madoa. Mimi naweka tone moja kila tundu. Halafu nashona kipande cha kitambaa chakavu mpaka kitoke kikavu. Mafuta yanayoonekana yameshazidi."

Mama Pacha alikuwa ameishi na mtu huyo miaka ishirini na nane, akimwona kila wiki akishona vitambaa visivyo na kazi, na siku zote alidhani ni mazoea yake tu. Alimwangalia kama anayemwona mara ya kwanza. "Hukuniambia kwa nini?"

"Hukuniuliza."

Siku mbili zilizofuata alizimalizia mezani. Aliloweka kila komeo kwenye mafuta ya taa, akalisugua kwa mswaki wa zamani, akalikausha, akaweka tone pale tu chuma kinaposuguana na chuma. Mtutu aliufuta hadi kitambaa kikatoka cheupe. Bunduki zikaanza kulia ile sauti kavu aliyoisahau, klak, na mwili wake ukaanza kutulia.

Lakini mafuta ya cherehani yalikuwa ya kushikizia kwa muda tu. Kama yangezuia kutu, na kwa siku ngapi, hakujua. Alitaka kuona kwa macho yake. Akamwendea fundi wa kuchomelea vyuma, akaomba vipande sita vya chuma chembamba, akavisugua kwa msasa hadi vikang'aa. Cha kwanza alikipaka grisi. Cha pili oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari. Cha tatu oili mpya ya injini. Cha nne mafuta ya cherehani. Cha tano mafuta ya kupikia, kwa sababu mpishi wa kituo aliapa kwamba babu yake aliwinda nayo maisha yake yote. Cha sita alikiacha wazi bila kitu, akasafiri na basi la asubuhi hadi mjini kutafuta cha kukipaka.

Mwenye duka la silaha alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwekea chupa kadhaa juu ya kaunta. "Haya yanang'arisha sana, mama. Askari wengi wanayapenda."

"Kung'aa sitaki, baba. Nataka kujua yanafanyaje kwenye vumbi."

"Unajua, hilo sijawahi kuulizwa?" Mzee akaziondoa chupa zote, akarudi na mbili ndogo: moja ya mafuta mepesi kama maji, nyingine ya mafuta mazito kidogo. "Mepesi ni ya kutembea nayo. Mazito ni ya mvua, na ya silaha inayolala muda mrefu. Usiniamini mimi. Kajaribu."

Hapo mzee alimpendeza. Mama Pacha akarudi, akakata kipande cha sita katikati, nusu mafuta mepesi, nusu mazito. Vipande vyote akavitundika kwa waya kwenye uzio wa barabarani, magari yavitimulie vumbi mchana kutwa. Kila jioni alivinyunyizia maji ya chumvi. Askari wakipita walimtania, "Mama Pacha, nguo zako bado hazijakauka?" Naye aliwajibu, "Zikikauka nitawashonea suruali za kupandia vibanda."

Siku ya tatu mafuta ya kupikia yalianza kunata kama gundi, na sisimizi wakafanya mstari mrefu kuyafuata. Mpishi aliitwa kuja kuona. Aliangalia, akakohoa, akasema babu yake alikuwa anaishi nchi nyingine. Oili chafu ilikuwa na chembechembe nyeusi hata kabla vumbi halijafika. Oili mpya ilijitahidi, ila ilikaa nzito na kubeba mchanga. Mafuta ya cherehani yalibaki safi sana, lakini siku ya saba yalikuwa yamekauka na madoa mekundu yakachungulia. Grisi haikuruhusu kutu hata chembe. Ila juu yake vumbi lilikuwa nene kama zulia. Yale mepesi ya mzee yalibeba vumbi kidogo, ambalo lilitoka kwa kupitisha kitambaa mara moja, na chini yake chuma kilikuwa kizima siku ya kumi na tano. Mazito nayo yalikuwa hivyo hivyo, ila vumbi lake lilihitaji kusuguliwa.

Alipeleka vipande ofisini kwa Mkuu, akavipanga juu ya mafaili.

"Kwa hiyo ni haya mepesi," alisema Mkuu. "Mwaka mzima."

"Hapana, Mkuu. Mepesi kiangazi. Mvua zikianza, mazito kwa nje. Na mtutu tunaufuta ukauke kabla askari hajatoka."

"Mama Pacha, makao makuu wanataka nijaze jina moja kwenye fomu."

"Basi jaza mawili kwenye mstari mmoja, uandike kwa herufi ndogo."

Mkuu akacheka, akaandika kwa herufi ndogo.

Siku ya mazoezi ya shabaha, Mama Pacha aliomba bunduki zisifungwe kwenye mifuko. Zilipakiwa nyuma ya gari wazi, zikapigwa vumbi njia nzima mpaka zikafanana na kuni. Kila askari alipewa risasi kumi. Mama Pacha alisimama nyuma ya mstari, mikono nyuma, akisikiliza makomeo badala ya kuangalia shabaha. Klak, mlio, klak, mlio. Twiga alimaliza zake zote bila kusita, akageuka akamwinulia dole gumba.

Moja tu iligoma, ile ya tisa. Mama Pacha aliichukua, akaifungua pale pale juu ya gunia. Mafuta yakachuruzika hadi kwenye kiwiko chake.

"Nani kaongeza?"

Askari mnene wa mwisho mstarini alitazama miguu yake. "Mimi, mama. Nilitaka iteleze vizuri."

"Uliweka kiasi gani?"

"Nusu chupa."

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko, na safari hii Mama Pacha naye alicheka mpaka akashika mbavu. Aliifuta bunduki, akamrudishia. Ikapiga risasi kumi bila kigugumizi.

Habari zilitembea. Mwezi uliofuata alikuja mtunza silaha wa kituo cha jirani, mwanamke wa makamo aliyekuja na daftari jipya na kalamu ya wino. Hata chai hajamaliza, aliuliza, "Dada, nitajie tu jina la mafuta, niandike niondoke."

Mama Pacha alimsogezea kigoda. Alimwekea mbele bunduki ya ishirini, ile ya kitako kilichotafunwa, na kitambaa cheupe.

"Jina nitakupa, dada yangu. Funga daftari kwanza. Nionyeshe unavyoifuta."

Mgeni alivua saa, akakunja mikono ya gauni, akaanza. Wakakaa hapo wawili mpaka saa ya chakula cha mchana, wakifuta na kupiga soga, na mlango wa ghala ukiwa wazi.